Mdalasini Kasimama

Kule Barka jua linatujua kwa majina.
Linatungoja mlangoni alfajiri kama mdai,
na zizi linanuka vumbi lililoungua.
Mdalasini, miaka kumi na tisa,
anakunywa maji ya ndoo huku akinitazama
kana kwamba mimi ndiye niliyeliwasha.

Basi tukakodi gari la kubebea farasi.
Siku mbili, tukienda usiku, tukijificha mchana,
tukisimama Haima kumnywesha,
Asila kalala mdomo wazi,
Harubu akihesabu nguzo za umeme na kukosea,
mpaka kupita Thumrait, pale barabara inapoinama,
kioo cha mbele kikaanza kulia.

Kharifu.
Si mvua; bibi yangu asingekubali iitwe mvua.
Ni rasharasha ya mtu anayepiga shuka pasi.
Lakini milima ya Dhofari imeamini,
imeota majani hadi kwenye nyufa za mawe.
Mdalasini alishuka, akainua pua,
akasimama kitambo.
Kisha akala.
Alikula kama mgeni wa harusini aliyekuja bila kadi.

Asubuhi tukapanda nyuma ya Bakhiti,
mwenyeji, kikoi kimemganda mapajani,
anayesema na ng'ombe kwa lugha ya mlimani
na sisi kwa kidole.
Ngamia, alituonyesha, wako chini uwandani:
utelezi huu si wao.
Wetu, je? akauliza Asila.
Hakuna aliyemjibu.

Tulikwenda telki, kwato hazilii,
udongo unazinyonya na kuzitema.
Ukungu ukashuka hadi kwenye masikio ya farasi,
nikabaki na singa mbili tatu na mikono yangu.
Kule nyumbani jua linajua kila kitu;
hapa halijui hata tulipo.
Tulikuwa sauti nne na pumzi nane.
Asila akatuambia, katika weupe ule,
jambo ambalo miaka sita hakulisema mezani,
na kwa kuwa hatukuonana nyuso
tulilipokea vizuri.

Hapo ndipo Mdalasini aliposimama.

Twende, mama, nikamwambia.
Kiarabu anakielewa, Kiswahili anakitii;
nilimfundisha mwenyewe, pamoja na matusi mawili matatu.
Nikamgusa kwa kisigino.
Nikamgusa tena, na lile tusi dogo.
Shingo yake ilikuwa ukuta wenye joto.

Nikakumbuka mwaka nilioanguka bondeni,
nyonga imevunjika, simu imelia mbali kwenye mchanga,
naye akasimama juu yangu kunitilia kivuli,
na jua lilipohama, akahama nalo
hatua moja, hatua nyingine,
hadi watu walipokuja.

Nikalegeza hatamu.
Tukangoja. Maji yakadondoka kwenye ukingo wa kofia.
Bakhiti alishuka, akatangulia na fimbo,
akamezwa, akarudi, akafungua kiganja:
majani tu.

Mdalasini akapumua kwa nguvu,
akageuka kushoto, akachora duara kubwa
kuzunguka hayo majani tu,
na farasi wote wakamfuata,
hata wa Bakhiti aliyezaliwa pale.

Mbele kukawa na uwanda, ukungu ukapasuka kidogo,
akapiga shoti bila kuombwa, bibi kizee,
nikacheka kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo,
matope hadi menoni.

Adhuhuri, mishikaki kando ya barabara ya Itini,
moshi na rasharasha vikigombania makaa.
Mdalasini alikuwa akitafuna nyasi nyuma ya mgongo wangu,
pumzi yake ndani ya kola.
Kulikuwa na nini pale? Asila alitaka kujua.
Sikuwa na jibu, wala leo sina.
Harubu akafuta vidole, akatutazama.
Umezeeka wewe, akasema.
Sikujua anamwambia nani.
Sote wawili tuliendelea kutafuna.